Bi Salma, Ile Picha ya Swala Ni Yetu

Bi Salma,

Nimeianza barua hii mara tatu kwa shikamoo, na mara tatu nimeikata. Ni wewe uliyenifundisha kuamkia hivyo. Kwetu Kitui tulizoea kupeana mkono na kuulizana kama mvua imenyesha. Lakini shikamoo ni neno la heshima, na mwaka huu heshima yangu kwako imepita mahali pabaya, bado sijui kama imetoka nzima. Basi acha nianze na lile lililonikaa kooni. Ulijua. Ulijua picha zile ni za nini, ukautumia mkono wangu, na hukuniambia.

Sikuandikii ili nikutukane. Kaburi halitukanwi. Nakuandikia kwa kuwa tangu tukuzike yametokea mengi, na kila aliyeyasikia amenipa maoni yake isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye niliyetaka kumsikia.

Tulikuzika Ijumaa baada ya sala. Wanaume walisogea kaburini, sisi wanawake tukasimama nyuma karibu na magari, mimi nimejitanda mtandio wako wa kijani maana sikuwa na wangu. Nasra, binti yako, alinishika mkono. Wenzake wa kazini walikuwa wamekuja kutoka ofisi zao za Sterling, vitambulisho bado vinaning'inia shingoni, naye akawaambia kwa Kiingereza kwamba huyu ni anti Mueni, yeye ndiye alikuwa mikono ya mama yangu. Nilijivuna, Bi Salma. Mungu anisamehe, nilijivuna kwenye mazishi yako.

Siku kumi na mbili baadaye Nasra akanipigia simu, na jambo la kwanza nililolisikia ni kwamba lile "anti" limeondoka. Aliniita Miss Mueni. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeandika maswali yake kwanza, picha nilizochora na mama yake katika mwaka wake wa mwisho ziko wapi.

Nikamjibu ziko kwenye ile droo ndefu chini ya meza. Akasema droo haina kitu ila brashi na makombe ya rangi. Nikamwambia atazame vizuri. Akasema ametazama. Kisha akanyamaza, na kimya kile nilikielewa. Mtu aliyefanya kazi ndani ya nyumba za watu miaka tisa anakijua kimya kile kama anavyojua mlio wa simu yake.

Acha niandike tulivyoishi, ingawa unajua. Nayaandika kwa sababu nimeanza kuzitilia shaka hata kumbukumbu zangu. Kila moja naigeuza nitazame nyuma yake kuna nini.

Nilikuja kwako Largo, huku ughaibuni, nimetumwa na ejensi ya walezi wa wazee, nikuogeshe, nikupikie, nikupe dawa kwa saa zake. Niliambiwa ni bibi wa Mombasa, mjane, mkono wake wa kulia unatetemeka. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mchoraji. Ile meza ya dirishani nilidhani ni ya kushonea. Wiki ya pili ndipo uliponieleza kwamba uliolewa Lahore ungali msichana, na baba mkwe wako, alipoona umekaa nyumbani kwake huna la kufanya, akakuketisha chini akakufundisha kazi ya mababu zake: picha ndogo za vitabuni, zile ambazo bustani nzima na farasi wake na watu wake inaenea kwenye karatasi isiyozidi viganja viwili. Rangi za maji na dhahabu. Ulisema mzee yule hakuwa na maneno. Alikuonyesha jinsi ya kuchora unyoya mmoja wa ndege, akaondoka, akarudi jioni kuutazama, akaenda zake bila kusema kitu. Ulichora unyoya huohuo mwezi mzima.

Mimi nami nilianza kwa kusaga rangi tu, kwa kuwa mkono wako ulikuwa unaimwaga. Siku uliponipa gundi ya kuchanganyia nilicheka, maana ulikuwa ni utomvu wa mgunga, uleule tuliokuwa tukiutafuna tukichunga mbuzi. Ukanitazama kwa hasira kidogo. Ukasema, "Umekula rangi za wafalme ukidhani ni peremende." Baadaye ukanipa brashi ya nywele za mkia wa kindi, ncha yake imeishia kwa unywele mmoja, ukanifundisha kuzuia pumzi. Mwaka wa kwanza sikuchora kitu ila majani. Jani, jani, jani. Nilikuwa nakuogesha asubuhi, nakupa uji, kisha nachora majani mpaka saa ya dawa. Pale kwenye karatasi ya ejensi panapoulizwa shughuli za mteja, niliandika "mazoezi ya mikono". Sikudanganya sana.

Dhahabu tu ndiyo hukuniachia. Hata mkono ulipokuwa mbaya kabisa ulichovya brashi mwenyewe kwenye lile kombe lenye dhahabu iliyosagwa, ukaipaka mbingu yote, ukangoja ikauke, ukaisugua kwa jiwe la akiki. Ilikuwa inaanza kama matope. Halafu ghafla inaamka.

Hizo ndizo kumbukumbu nzuri, na bado nazipenda. Sasa yaje yale niliyoyaona nikayapuuza.

Mwaka wa mwisho ulisema nimeiva, sasa tuchore picha kamili, nne. Karatasi nyeupe tulizokuwa tumezigandisha tabaka kwa tabaka na kuzing'arisha wenyewe ukazisukuma pembeni. Ukatoa daftari kuukuu la baba mkwe wako, kurasa zake tupu zimekuwa rangi ya mkate, nyingine zina maandishi ya Kiajemi upande wa nyuma. Nikauliza kwa nini tuharibu kitu cha kale. Ukasema karatasi ile hunywa rangi vizuri. Picha zilipokaribia kwisha uliniambia nipitishe pamba yenye chai ya rangi kwenye pambizo. Nikauliza tena. "Karatasi nyeupe mno haina adabu," ukasema, nami nikacheka, na kicheko changu kikawa ndio mwisho wa swali. Ulikuwa fundi wa hilo pia.

Na simu yako. Ulikuwa unaitazama kabla ya kuniambia niweke mti wapi, swala aelekee wapi, kisha unailaza kifudifudi. Niliposogea ulisema picha hizo unazitoa kichwani. Nilidhani ni majivuno ya uzee, nikakuachia.

Na Mzee Jelani. Kila Jumanne alikuja kutoka Shaw, mtaa wa mjini, na kofia yake ya kufuma na Kiswahili chake cha chuo kikuu, kile kisichokosa hata kiambishi kimoja. Aliniambia yeye ni mzaliwa wa huku, alijifunza akiwa kijana kwa sababu alitaka lugha ya Afrika ambayo hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa mtengeneza fremu. Akija, ulinituma dukani. Nikirudi, yuko mlangoni anaondoka na kitu bapa chini ya koti. Mimi ni mtu wa kuhesabu mashuka ya wagonjwa. Niliona kwamba picha inayokwisha Ijumaa haiko mezani Jumatano. Uliniambia iko kwenye droo, inapumzika. Sikuifungua droo. Si droo yangu.

Na pale hospitalini. Ulinivuta kwa kidole kimoja ukasema, "Mueni, mwambie Nasra asi..." na muuguzi akaingia kubadilisha dripu, na ulipofumbua macho tena hukuwa unanijua. Nilimwambia Nasra kwamba umesema asilie. Nilijazia mwenyewe, Bi Salma. Sasa najua kwamba neno lile halikuwa kulia.

Ejensi iliniita wiki moja baada ya simu ya Nasra. Hawakusema mimi ni mwizi. Walisema kuna malalamiko ya familia, na mpaka yaishe sitapangiwa nyumba ya mtu. Nikapata kazi ya kukunja mashuka kwenye dobi ya nyumba ya wazee, chini kabisa ambako hakuna dirisha. Kanisani kina mama waliniombea kwa sauti ya chini kuliko wanavyomwombea mgonjwa. Na mahojiano yangu ya uraia yalikuwa yanakaribia. Nilikuwa naiona ile meza, na mtu anafungua faili langu, na ndani ya faili kuna neno moja.

Mtu akituhumiwa hukaa akitafuta nani amemtwika. Mimi nilimwona Mzee Jelani. Nikitazama mashuka namwona yeye, koti lake, kitu kile bapa. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yako wewe ilikuwa ni mzee huyu wa adabu. Jumamosi moja nikapanda treni ya Metro mpaka Shaw nikamwambie ana kwa ana.

Sikufika kwake. Mtaa mmoja kabla ya karakana yake kuna duka la picha, kati ya mgahawa wa vijana na nyumba moja iliyopakwa rangi upya. Nilipita nikarudi. Dirishani, ndani ya fremu nyembamba, alikuwapo swala wetu anakunywa maji, mbingu yake ya dhahabu.

Niliingia. Kikaratasi kilisema ni kazi ya karne ya kumi na saba, mchoraji hajulikani, kutoka kwa familia moja. Nikainama kama vile mtu asiyeona vizuri. Unakumbuka ile Alhamisi kengele ya moto ya jengo ilipolia ghafla mkono wangu ukaruka? Doa la kijani lilianguka katikati ya majani ya miezi mitatu. Nilitaka kulia. Ukasema, "Kosa halifutwi, mwanangu, hupewa kazi," ukaniongoza nikaligeuza doa lile kuwa chura. Chura mdogo kuliko punje ya mtama. Basi alikuwa pale, Bi Salma. Amekaa chini ya kioo, ana umri wa miaka mia tatu na zaidi, ananitazama.

Mwenye duka, mama mmoja mrefu, akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikasema hapana. Nilitoka nikasimama barabarani. Kwa maana sasa haikuwa tena habari ya picha kuibiwa. Ilikuwa ni uongo, na uongo ule ulikuwa na mwandiko wangu.

Wiki mbili sikumwambia mtu. Nilifikiri hivi: Jelani anauza kazi zetu kwa jina la kale. Kisha nikafikiri: karatasi kuukuu si Jelani aliyeitoa. Chai si yeye. Nikakuona umelaza simu kifudifudi. Nikaanza kukuchukia kidogokidogo, kila nikikunja shuka. Nilijiuliza kama ulinichagua kwa sababu nina mkono mwepesi au kwa sababu mlezi wa wazee haulizwi na mtu. Nilijiuliza kama ile "mwanangu" ilikuwa sehemu ya ujira.

Mwisho nikaenda kwake. Alikuwa peke yake, anapanga mbao. Sikukaa. Nikamwambia nimemwona swala dirishani, na nimemwona chura, na mimi sitakwenda jela kwa ajili ya mtu yeyote, awe hai au maiti. Nilisema hivyo. Nisamehe.

Mzee Jelani hakubisha. Alivua miwani akaisafisha muda mrefu sana. "Dada Mueni, alinikataza nisikwambie," akasema. "Lakini sikujua kwamba zinauzwa. Naapa kwa mama yangu." Akaenda nyuma, akarudi na kadibodi mbili zilizofungwa kwa uzi. Ndani, katikati ya karatasi za kukaushia, mlikuwa na picha nne. Ama zilizokuwa picha. Rangi ilikuwa imetambaa mpaka watu wameingia ndani ya miti. Moja ilikuwa ya swala, anaelekea kushoto kama wetu, na mbingu yake imebanduka magamba. Majani yake nusu bado yalikuwa mazima. Nilitafuta. Hapakuwa na chura.

Basi akanieleza, na nilipomsikiliza nilihisi kila kitu kinajipanga mahali pake kwa namna iliyoniumiza zaidi kuliko wizi. Kwamba picha zile za kale zilikuwa za ukoo wa mume wako. Kwamba alipokuwa anakufa alikukabidhi akasema hizi si zako wala si zangu, ni amana ya Nasra. Kwamba bomba la jirani wa juu lilipasuka siku za mapumziko yangu, ukiwa kliniki, maji yakaingia kabatini, na ulipofungua kasha yalikuwa yamekaa humo siku mbili. Ulimpigia Jelani, si binti yako. Alizikausha alivyoweza. Ulimwomba asimwambie mtu, na kwa kuwa kila moja ulikuwa umeipiga picha kwa simu kabla ya maji, ukaanza kutafuta mkono.

Mkono wenyewe ukawa unakuchemshia uji.

Jelani alikuwa akizichukua zetu Jumanne azilaze chini ya mashine ya kubana, azitie kwenye pambizo za zile za zamani, kisha anazirudisha kwenye kasha lililoandikwa jina la Nasra. Ndiyo maana droo ilikuwa tupu. Alidhani zitakaa ukutani kwa Nasra maisha yake yote na hakuna atakayeumia. Nadhani na wewe ulidhani hivyo. Hukufikiri kwamba binti wa huku, anayefanya kazi na mitambo ya kompyuta, anaweza kuona picha za kale ni mzigo wa kuhofia, akapeleka mbili kwa mtaalamu, yule mwenye duka la Shaw, aziuze ili zikae mahali penye usalama zaidi kuliko kwake. Alizipeleka kwa nia njema. Na kwa nia njema hiyohiyo akatafuta picha mpya za mama yake azitundike mwenyewe, akazikosa, akaniona mimi.

Picha zilizopotea na picha za kale zilikuwa ni zilezile. Nilicheka pale karakanani, Bi Salma, kicheko kibaya. Mzee Jelani akaniletea kiti.

Nitakueleza ukweli kuhusu siku zilizofuata. Nilifikiri kunyamaza. Si kwa ajili yako. Nilifikiri Nasra amebaki na nini ila wewe, na nikimwambia nitamwachia nini. Na nilimwogopa: nani angeniamini? Angeweza kusema nimeziiba mpya, nikazilowesha, nikabuni hadithi. Kisha ikaja barua kwamba anakwenda Upper Marlboro, ofisi za kaunti, kukamilisha orodha ya vitu ulivyoacha, na kwenye orodha ataandika kwamba picha kadhaa hazikuonekana, na ataandika jina la mtu wa mwisho aliyekuwa nazo. Aliniletea nakala kwa uungwana, kama anavyofanya mambo yake.

Niliomba ruhusa dobini nikaenda. Nilikaa kwenye benchi nje, kadibodi za Jelani mapajani, watu wanapita na bahasha zao. Nasra alitokea maegesho, aliponiona akapunguza mwendo, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine. Nilimshuku na yeye alinishuku, na tulikuwa tumekula sahani moja miaka minne.

Sikuweza kuanza kwa maneno. Nilifungua uzi, nikaiweka ile ya swala juu ya benchi. Akasimama akaitazama. Aliongea Kiingereza, akauliza hii ni nini, nani ameifanya hivi. Nikamweleza. Bomba, kasha, simu, Jumanne. Nikamwonyesha kwenye simu yangu picha niliyoipiga dirishani Shaw, nikaikuza mpaka akamwona chura. Nikamwambia majani haya ni mimi, mbingu hii ni mama yako.

Alikaa chini. Halafu akasema kwa Kiswahili, kile chake cha Mombasa cha mtoto mdogo ambacho sikuwahi kukisikia kinatoka kinywani mwake hata siku moja ulipokuwa hai: "Mama alinidanganya?"

Ningeweza kukupamba. Nilikuwa na maneno tayari. Nikasema, "Ndiyo. Aliogopa uso wako."

Akafuta pua kwa mkono wa sweta. Akasema, kwa Kiingereza tena, kwamba alipokuwa mtoto mwenye homa ulimlaza karibu na picha ile umwonyeshe swala, na analijua kila jani. Alipofungua kasha baada ya mazishi alimwona yule chura. Aliona, Bi Salma. Alijiambia amesahau utoto wake. Alijiambia pengine hakuwahi kuitazama vizuri, au anachanganya na kitabu fulani, na hilo lilimtisha hadi akaona afadhali picha ile itoke nyumbani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika. Mpaka wakati ule nilikuwa nimekukasirikia kwa ajili yangu. Ulimfanya mtoto asiamini macho yake mwenyewe ili asione machozi yako juu ya karatasi iliyolowa. Na ungemwambia tu! Angelia siku mbili. Angekulaumu wiki. Kisha mngekuwa na picha zilizoharibika na ukweli, na mimi ningechora majani yangu kwenye karatasi nyeupe isiyo na adabu.

Aliingia ofisini, akatoka baada ya nusu saa. Karatasi yenye jina langu alikuwa ameirarua akaitia mfukoni. Hakuomba radhi siku ile. Alinipa lifti mpaka nyumbani bila kufungua redio.

Dukani Shaw tulikwenda watatu, Nasra, Jelani na mimi. Yule mama mrefu kwanza alikataa. Jelani akaweka zilizoharibika juu ya meza, mimi nikamwonyesha chura kwa lenzi yake mwenyewe. Alitazama, akatazama, akasema tu, "Nitazifunga mzichukue." Hakutuuliza maswali mengi. Alituomba habari hii isizunguke, kwa faida ya wote. Nami nitakuambia ninachofikiri, maana siku hizi sijui kufikiri vinginevyo: nadhani naye alikuwa amemwona yule chura kabla yangu. Sina ushahidi. Lakini mtu aliyekosea kwa bahati mbaya hushtuka, na yeye hakushtuka.

Ejensi walinipigia. Nasra alikuwa amewaandikia. Walisema wamefurahi mambo yamekaa sawa, kana kwamba mambo hujikalia yenyewe. Nina mteja mpya, mzee wa Kikongo anayesema *bonjour* na *jambo* kwa pumzi moja. Mahojiano ya uraia nilipita. Waliniuliza kama nimewahi kudanganya ili nipate kitu, nikajibu hapana, na nilipotoka nilitafakari swali hilo mpaka nikapitiliza kituo changu.

Jumapili iliyopita Nasra alikuja kwangu. Alileta lile kasha, na pizza, kwa sababu hajui kupika na hataki kujifunza. Alizitandaza zote nne mezani akaniambia nimwonyeshe kila mahali ni mkono wa nani. Ilituchukua mchana mzima. Huu mkunjo wa nguo ni wangu. Huu uso ni mama yako alinishika kiganja, kwa hiyo ni wa sote. Hii dhahabu ni yake peke yake, ona inavyotetemeka hapa pembeni. Alipeleka kidole juu ya ule mtetemo bila kuugusa, akaupitia kutoka mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Alikuwa amelala miezi yote hiyo akidhani hana hata mstari mmoja wa mwaka wako wa mwisho.

Nyuma ya kila moja tumeandika kwa penseli majina mawili, lako na langu, na jina la jengo la Largo. Zile zilizoharibika ameziweka pamoja nazo. Hajakusamehe, nisikudanganye. Wala mimi sijamaliza. Wakati mwingine nachora vizuri nakukumbuka kwa upendo, kisha nasimama na brashi hewani najiuliza umenificha nini kingine. Pengine hakuna. Pengine kipo, na kitatokea mwaka ujao kwenye mfuko wa koti fulani. Nimekubali kuishi na hilo. Uliniachia ufundi na uliniachia jicho la kushuku, na sijui lipi litanifaa zaidi.

Lakini nakupa ahadi, ili usije ukasema niliandika kwa uchungu tu. Sitachora tena kwenye karatasi iliyomzidi mchoraji umri. Nasra nitamfundisha akitaka. Asipotaka nitamwacha atazame. Na mtu yeyote akiniuliza nani alizichora zile picha nne, nitasema sisi. Akiniuliza kwa nini, nitamwambia hilo nalo, lote, hata likikuharibia jina, kwa kuwa nimeona kimya kinavyomfanya mtu.

Kwaheri, Bi Salma. Mungu wako na wangu akulaze mahali pema, na akuulize mwenyewe, kwa upole kuliko mimi, yale yote ambayo sikupata nafasi ya kukuuliza.

Mueni